Usikariri maana za “get”, sikiliza kinachoifuata

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja ambaye ni mpagazi katika njia ya Marangu, Mlima Kilimanjaro, na ambaye anajiandaa kwa usaili wa uongozaji. Aliandika kwamba amekariri ukurasa mzima wa maana za kitenzi cha Kiingereza “get”, lakini kila anapokaa karibu na wageni jioni pale kambi ya Horombo maana zile humkimbia, kwa sababu wageni hulitumia neno hilo mfululizo na kila mara huonekana kusema jambo jingine. Alininukulia sentensi aliyoisikia kwa mgeni aliyekuwa akizungumza na wenzake: “We got soaked getting here, so get dry, get some food and get to bed early.” Akaniuliza ni ipi kati ya hizo yenye maana ya kupata.

Mdogo wangu, ni moja tu, ile ya chakula. Mgeni yule alikuwa akisema kwamba wamelowa chapachapa walipokuwa wakija, basi wajikaushe, wapate chakula na wawahi kulala. Kulowa, kuja, kujikausha, kupata, kwenda kulala: mambo matano, kitenzi kimoja. Nimeamua kukujibu hadharani na kwa kirefu, kwa kuwa njia unayopita nimeipita, na najua wako wengi wanaoipita kimyakimya.

Shuleni tulifundishwa kitenzi hiki kwa mstari mmoja ubaoni: get, got, got, kupata. Baada ya hapo hakikutajwa tena. Tulipewa badala yake maneno mazito ya mitihani, “obtain”, “receive”, “arrive”, na mwanafunzi aliyeyatumia kwenye insha alisifiwa mbele ya darasa. Mimi nilisifiwa mara nyingi. Nilipomaliza kidato cha nne na kuanza kubeba mizigo mlimani, ile kilo 20 inayoruhusiwa kwa mpagazi, niliwasikia wageni wakizungumza kutwa nzima bila kuyagusa maneno yale hata kidogo.

Nilipoomba kwa mara ya kwanza kupandishwa kuwa mwongozaji msaidizi, msimamizi wa kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi aliniambia, wapishi na wapagazi wenzangu wakiwa wamesimama pale pale, kwamba mpagazi wa kidato cha nne hawezi kufuata mazungumzo ya wageni, na kwamba nibaki na mzigo wangu. Sikuulizwa swali hata moja la Kiingereza. Miaka imepita na bado naweza kuonyesha mahali aliposimama aliposema maneno hayo. Ninalisema hapa kwa sababu kijana aliyeniandikia ameambiwa maneno yanayofanana na hayo, na nataka ajue kwamba aliyemwambia hakumpima.

Nilichofanya baada ya siku ile ni kuomba kazi ya kuhudumia meza. Wanaoujua mlima wanafahamu kwamba mmoja wa wapagazi hupewa jukumu la kupeleka chai, uji na chakula kwa wageni, na wengi hulikwepa kwa sababu unafika kambini umechoka, wenzako wanapumzika, nawe unaanza zamu nyingine. Kwangu mimi ile meza ilikuwa darasa. Niliweka daftari dogo katika mfuko wa koti, na kila nilipotoka kwenye hema la chakula niliandika sentensi nzima niliyoisikia, pamoja na kile kilichotokea baada ya sentensi hiyo kusemwa. Sikuandika neno moja moja. Hilo ndilo jambo ninalokusihi ulishike kabla ya mengine yote: andika sentensi nzima, na uandike mtu alifanya nini alipoisikia. Akisema “get your boots on”, ukamwona mwenzake anavaa viatu, hauhitaji kamusi.

Daftari lilipojaa ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha. Katika Kiswahili, kazi kubwa hufanywa na mwisho wa kitenzi. Tunasema anakunywa, halafu tunasema ananywesha. Tunasema analipa, halafu analipwa. Tunasema anateremka, halafu anateremsha. Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo, kwa hiyo mzungumzaji wake huchukua “get” na kuitwika mzigo huo. “Get paid” ni kulipwa. “Get lost” ni kupotea. “Get tired” ni kuchoka. “Get her to drink” ni mnyweshe, na “get her down” ni mteremshe. Ukiliona hilo, ule ukurasa wa maana ulioukariri unapungua na kuwa maswali machache tu kuhusu kinachofuata baada ya kitenzi. Je, kinafuatwa na kitu, kama maji au chakula? Hapo ndipo mahali pa kupata, kuchukua au kuleta. Je, kinafuatwa na hali, kama baridi, njaa au uchovu? Basi mtu anaingia katika hali hiyo. Je, anatajwa mtu kisha kitendo? Basi mtu huyo anafanyishwa au anashawishiwa. Je, linafuata neno la mahali au la mwelekeo? Basi kuna kwenda, kufika, kupanda au kushuka. Sisemi kwamba hayo yanamaliza kila kitu, kwa maana “I don't get it” ni sielewi na itabidi uishike hivyo hivyo ilivyo, lakini yatakuvusha katika sehemu kubwa ya mazungumzo ya siku.

Baadaye, nilipopata nafasi ya kusoma, niligundua kwamba wataalamu walikwisha kuliona jambo hili zamani. Mwingereza C. K. Ogden alipotangaza mwaka 1930 Kiingereza chake kilichopunguzwa hadi maneno 850, alibakisha vitenzi 18 tu, na “get” ilikuwa miongoni mwavyo, kwa kuwa vikiambatanishwa na maneno mengine madogo hufanya kazi za vitenzi vingi vilivyoachwa. A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza nchini Japani tangu miaka ya 1920, alitayarisha kamusi ya wanafunzi iliyochapishwa huko mwaka 1942, na wachapishaji wa Oxford wakaitoa tena mwaka 1948. Fahari ya kamusi hiyo ilikuwa kumwonyesha msomaji si maana ya kitenzi peke yake, bali pia kinafuatwa na nini. Niliposoma habari hizo nilifurahi sana, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu mpagazi mwenye daftari la mfukoni alikuwa amefika mahali pale pale kwa miguu yake mwenyewe.

Hata historia ya maneno inaeleza kwa nini shule ilituacha mbali na wageni wetu. “Get” inatokana na “geta” ya Waskandinavia, walioanza kuhamia kaskazini na mashariki ya Uingereza katika karne ya 9 na kuishi na wenyeji kama majirani, kwa hiyo ni neno la shambani na jikoni. “Obtain”, “receive” na “arrive” yalitoka kwa Wafaransa, baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066, na yakakaa katika mahakama na nyaraka. Tulifundishwa lugha ya nyaraka, kisha tukapelekwa kuzungumza na watu waliokaa jikoni.

Sasa niseme jambo ambalo kwa mwongozaji ni zito kuliko mengine yote, nalo ni wakati wa kitenzi. Mgeni akikuambia “I get headaches”, anakueleza kwamba huwa anaumwa kichwa, hata akiwa kwao. Akisema “I've got a headache”, anaumwa sasa. Akisema “I'm getting a headache”, maumivu yanaanza na yanaongezeka. Mjini tofauti hiyo ni ndogo. Katika mwinuko wa mita 4,700 ni tofauti kati ya kuendelea kupanda na kugeuka.

Kampuni nyingine ilikwisha kunichukua kuwa mwongozaji msaidizi usiku ninaotaka kuueleza. Tulikuwa tumeondoka Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, karibu na saa sita usiku, tochi za kichwani zikifuatana, na nilikuwa nyuma ya mama mmoja kutoka kaskazini ya Uingereza aliyekuwa akipanda na mwanawe mkubwa. Baada ya muda nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, “I'm getting muddled.” Mwanawe akajibu haraka, “Mum gets like that when she's tired.” Tazama vitenzi viwili hivyo. Kijana anasema mama huwa hivyo akichoka, kwa maana ya kawaida yake. Mama mwenyewe anasema akili inaanza kumvurugika sasa hivi. Nilimwamini mama. Nilimwomba atembee hatua chache, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma yake, kama tunavyofundishwa kumpima mgeni tunayemshuku kuwa ubongo wake unavimba kwa sababu ya mwinuko, na hatua ya tatu hakuiweza. Alinishika mkono ili asianguke. Kiongozi wetu aliyekuwa mbele alirudi, akamtazama mara moja na kuniambia, “Get her down.” Hakuna dawa inayozidi kushuka. Tulishuka hadi Kibo, tukaendelea hadi Horombo, na kulipopambazuka sawasawa alikuwa akinitajia majina ya wajukuu wake bila kusita. Yule mwanawe alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Sijawahi kusimama juu ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, nikajisikia kama nilivyojisikia asubuhi ile nikiwa chini kabisa ya kilele.

Kwa hiyo ninapowasikia vijana wakisema kwamba vitenzi vidogo ni vya watoto wa shule ya msingi, na kwamba wao wanatafuta maneno makubwa ya kumvutia msaili, ninasikitika kwa dhati. Neno kubwa utalikuta kwenye kitabu siku yoyote unayolihitaji. Neno dogo ndilo linalotoka mdomoni mwa mgeni anapoogopa, anapotapika, anapotaka kurudi na anaona aibu kukiri. Ukilidharau neno hilo unamdharau aliyelisema. Acheni pia kutumiana zile orodha za vitenzi kwenye simu, ambazo mnazisoma mkiwa mmelala na kuzisahau kabla ya kuamka. Kaa karibu na watu. Sikiliza mpaka mwisho wa sentensi, kwa sababu kitenzi hiki hakijakamilika hadi neno linalokifuata litamkwe, na anayekatiza mazungumzo ili aonyeshe kwamba ameelewa ndiye anayepotea kwanza. Nanyi mnaoajiri, mpimeni mtu kabla ya kumhukumu kwa cheti chake. Mlimani wako wapagazi wanaomwelewa mgeni kuliko waongozaji wanaolipwa mara kadhaa zaidi yao.

Ukianza kusikiliza kwa makini utakutana na vikwazo viwili. Cha kwanza ni Wamarekani. Mwingereza husema “got” hata pale ambapo Mmarekani angesema “gotten”, na Mmarekani huyatofautisha maneno hayo mawili: “I've got a fever” ni nina homa, lakini “I've gotten weaker” ni nimezidi kudhoofika. Cha pili ni matamshi. Wengi hawaitamki “t” ya mwisho tunavyoitamka sisi. Waingereza wengi huikata kooni, na Wamarekani huilainisha ikaribie “d” inapofuatwa na irabu, hata “get it” ikasikika kama neno moja. “I've got to”, yaani sina budi, huwa “gotta”, na humo mna haja ambayo mgeni hawezi kuisubirisha.

Katika ujumbe wako uliuliza pia kama uitumie “get” kwa wingi katika usaili, ili usikike kama wao. Katika mazungumzo, itumie pale inapokuja yenyewe. Katika taarifa ya maandishi iweke kando, na hapo ndipo yale maneno ya shuleni yanapopata heshima yake. Mgeni akiteremshwa, taarifa yako inaweza kusomwa na hifadhi, na kampuni, na daktari, na watu wa bima walioko London ambao hawajawahi kuuona mlima, na kila mmoja wao anataka kujua nani alifanya nini, saa ngapi, kutoka wapi hadi wapi. “She got confused so we got her down” haiwaambii lolote kati ya hayo. Andika “became confused”, andika “descended to Kibo”, weka saa mbele ya kila kitendo, na jina la aliyemshika mkono.