Eti kadi yangu ya taulo ni usanii?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nina gesti ya vyumba 14, mwaka jana nikafunga sola ya kuchemshia maji, nikaweka taa za LED kila mahali, vile vichupa vya shampuu nikavitoa nikabandika chupa kubwa ukutani. Bafuni nikaweka kadi "Tusaidie kuokoa dunia, tumia taulo lako tena". Sasa mgeni mmoja kaandika kwenye rivyu eti ni usanii mtupu tunabana matumizi tu, na taulo alilitundika na bado likabadilishwa! Nimeumia kwa kweli. Nitoe kadi au niandikeje?
Dada wa Vyumba 14

JIBU: Pole dada, ila mgeni wako ana pointi. Kadi inasema tumia taulo tena, mgeni anatundika, mhudumu wa vyumba anabadilisha, manake hakuna aliyekaa naye akamwelekeza, na pengine anaogopa ataonekana mvivu. Anza na huyo kabla hujagusa kadi.

Halafu ujue hizo kadi zina jina baya siku nyingi. Neno la Kiingereza "greenwashing", yaani kujipaka ukijani usio wako, linatokana na Mmarekani Jay Westerveld aliyeandika mwaka 1986 kuhusu kadi kama hiyohiyo yako, hoteli inamwomba mgeni aokoe mazingira huku yenyewe inaokoa hela ya dobi. Sasa kuokoa hela si dhambi, mi naona bora useme wazi kwamba inapunguza maji, umeme na gharama, mtu mzima anaelewa, kinachomkera ni kuambiwa anaokoa dunia kwa kutundika taulo.

Maneno nayo yana kazi yake. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2008, kadi ya kuhimiza utunzaji wa mazingira iliwashawishi kama asilimia 35 ya wageni, ile iliyosema wageni wengi hapa wanatumia taulo tena ikafika kama asilimia 44, na walipotajiwa waliolala chumba hichohicho ikapanda hadi karibu nusu. Lakini usikimbilie kuandika "wengi" kama hujahesabu! Hesabu mwezi mzima kwanza, ukikuta ni wengi kweli ndo uandike.

Hayo mengine uliyofanya mbona hujayasema? Sola ndo kubwa kuliko taulo, na umeinyamazia. Andika pale karibu na bomba "Maji haya yamechemshwa na jua, siku ya mawingu tunaongezea umeme", hapo mgeni anapata habari anayoitaka, kwamba ataoga maji ya moto, na ile sentensi ya mawingu ndo inayomfanya akuamini. Chupa za ukutani watu wanaogopa mtu kaweka kitu ndani, kwa hiyo tumia za kufunga kwa funguo na useme zinafungwa. Bili za umeme na maji kabla na baada ya sola unazo? Weka tofauti hiyo kwenye tovuti.

Cheti cha kutunza mazingira kama unataka ni sawa ila usijichoree jani lako la kijani ukaliita nembo. Green Key, cheti cha mazingira cha mahoteli, ilianzia Denmark mwaka 1994 na ina wakaguzi. GSTC, yaani baraza la kimataifa la utalii endelevu, utaisikia sana, yenyewe haitoi vyeti kwa mahoteli, inaweka vigezo na inaidhinisha wanaotoa. Na kama una mawakala wa Ulaya kaa macho, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024, inatumika kuanzia 27 Septemba 2026, inakataza kusema "rafiki wa mazingira" hivihivi bila ushahidi, na nembo za kujitungia pia.

Kuhusu rivyu, mjibu leo, usijitetee: "Ni kweli, taulo lako lilibadilishwa kimakosa, tumeshaongea na wahudumu, sasa lililotundikwa haliguswi." Ila ongea nao kwanza ndo uandike.