Kitendawili Hutegwa, Kisha Huteguliwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, Majengo, hapa Moshi. Naandaa kijitabu cha hadithi na vitendawili kwa watoto wa miaka 9 hadi 12. Katika hadithi ya kwanza kengele ya shule inapotea usiku, watoto wanafuata nyayo na kuhojiana mpaka anapatikana aliyeichukua. Nimekwama kwenye jina. Niziite hadithi za siri, za mafumbo au za upelelezi? Na kwenye ukurasa wa vitendawili nimeandika "Tatua vitendawili vifuatavyo". Ni sahihi?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Swali lako la kwanza nitalijibu upesi, maana la pili ndilo ninalolibeba kifuani miaka mingi.

Siri ni jambo ambalo mwenye nalo hataki lijulikane. Ukiandika "Hadithi za Siri" kwenye jalada, umemwambia mtoto kwamba hizi ni hadithi zisizotakiwa kusimuliwa. Kengele imepotea na shule nzima inajua imepotea. Mwenye siri ni yule aliyeichukua tu, wenzake wana fumbo. Sasa angalia nani anafanya nini. Kama yupo anayepima nyayo, anayeuliza nani alionekana wapi, anayelinganisha maneno ya huyu na ya yule, hiyo ni hadithi ya upelelezi, hata kama mpelelezi ana miaka kumi na amevaa sare ya shule. Jina hilo limezoeleka kwa wasomaji wetu, na tangu mwaka 1960, kilipotoka Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, tunaye na mpelelezi wetu, Bwana Msa. Kama hakuna anayepeleleza, mambo yanashangaza tu mpaka mwisho, iite hadithi ya mafumbo. Yako ina nyayo na mahojiano. Ni ya upelelezi.

Jambo moja kabla sijaliacha: wale watoto wanaodhaniwa, waite washukiwa. Mshukiwa anadhaniwa tu, mtuhumiwa ameshanyooshewa kidole, mshitakiwa ameshafikishwa mahakamani. Mtoto wa miaka 11 anaweza kabisa kuzipanda ngazi hizo tatu ukimshika mkono.

Sasa tuje kwenye "tatua vitendawili".

Mwalimu, futa. Futa leo, kabla kijitabu hakijaenda kwa mpiga chapa. Najua hukulibuni wewe. Umelikuta kwenye vitabu vya mazoezi, kwenye mitihani ya majaribio, kwenye vipindi vya watoto redioni, na mtu akikuta neno limechapishwa mara mia huliamini. Mimi nalipinga kila ninapolikuta, na sijachoka.

Kitendawili hutegwa. Hilo halina ubishi, kwa sababu watoto wenyewe hulitamka kila wanapocheza: mmoja husema "Kitendawili!" na wenzake huitikia "Tega!" Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, aliuandika utaratibu huohuo kwenye mwongozo wake wa Kiswahili, uliotoka mara ya kwanza London mwaka 1870. Mtegaji anatangaza, wenzake wanasema tega, naye anatega. Zaidi ya miaka 150, na mwitikio haujabadilika hata herufi moja. Sasa kitu kilichotegwa hufanywaje? Huteguliwa. Tega, tegua, kama funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, fumba na fumbua. Kiswahili kinachukua tendo, kinaligeuza mwishoni kwa -ua au -oa, na tendo linarudi lilikotoka. Watoto wanajifunza hilo shuleni kwa jina la kauli ya kutendua. Halafu tunawapa kitabu kisichoifuata.

Neno kitendawili lenyewe sitalikalia. Wengi husikia ndani yake "tenda" na "wili", kitu kinachotenda mawili, kinataja hiki na kumaanisha kile. Yatosha. Kinachonishughulisha ni mtego.

Nilipokuwa mdogo, kwenye miteremko ya Meru, tulitega kwale pembeni mwa mashamba ya mahindi. Unatafuta mche mwembamba ulio hai, unaupinda mpaka ncha yake ikaribie ardhi. Kwenye ncha unafunga kamba, mwisho wa kamba unafanya tanzi. Halafu kinakuja kijiti kidogo, chembamba kuliko kidole, kinachouzuia ule mche usiruke. Kazi yote iko kwenye kijiti hicho. Unamwaga punje za mahindi mbele yake, unaondoka. Kwale akija anaziona punje, haoni kijiti. Akikigusa, mche unanyooka na tanzi linambana. Na sisi tulipotaka kuutoa mtego ule, labda kwa kuwa mbuzi wa jirani walikuwa wanakaribia, hatukuuvuta kwa nguvu. Mmoja aliukamata mche kwa mkono wa kushoto, mwingine akakichomoa kijiti taratibu, na mche ukaachwa upande juu polepole. Huko ndiko kutegua. Anayejua kijiti kiko wapi anategua kwa vidole viwili. Asiyejua, hata akija na panga, atakatwa yeye.

Sasa chukua kitendawili ambacho kila mtoto wa Tanzania anakijua: Nyumba yangu haina mlango. Punje za mahindi ni "nyumba yangu". Mtoto anazikimbilia: anafikiria nyumba ya bati, kibanda cha kuku, ghala, hema la watalii. Anazunguka palepale alipotakiwa azunguke. Kijiti ni "haina mlango". Akiacha kutazama nyumba na kuutazama mlango usiokuwepo, akajiuliza ni kitu gani kinahifadhi kilicho hai bila pa kuingilia wala pa kutokea, basi amekishika kijiti. Yai! Neno nyumba, lililokuwa limepindwa mpaka chini, linanyooka mbele ya macho yake. Utaona jinsi uso wa mtoto unavyofunguka dakika hiyo. Hajatatua chochote. Ametegua.

Na kutatua ni nini? Angalia jamaa zake: tata, tatana, tatiza, tatizo, utata. Ni ukoo wa uzi uliosongamana. Nyavu za mvuvi zimetatana, anakaa chini kuzitatua, ncha baada ya ncha. Tatizo la maji mtaani hutatuliwa, kwa kuwa limeshikana na bomba, bili, kamati na mvua. Ni kitenzi kizuri, sina ugomvi nacho kikikaa kwenye kazi yake. Lakini niambie uzi uliosongamana uko wapi kwenye "Nyumba yangu haina mlango". Maneno manne. Hakuna hata moja ambalo mtoto wa chekechea halijui. Hakuna fundo, hakuna utata. Kila kitu kiko wazi, na ndiyo maana kinanasa! Ukimwambia mtoto atatue, unamwelekeza atafute fundo, wakati alitakiwa atafute kijiti.

Chanzo cha balaa hili ninakiona. Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachobeba tatizo, kitendawili, hesabu na kesi ya polisi kwa pamoja. Anayetafsiri kwa haraka hujifunza kuwa kitenzi hicho ni "tatua", basi popote anapokikuta anaweka tatua. Sisi tulikuwa na vitenzi kwa kila kazi: tatizo hutatuliwa, kitendawili huteguliwa, fumbo hufumbuliwa, mgogoro husuluhishwa, hesabu hukokotolewa, kesi huamuliwa. Tunavitupa vyote tubaki na kimoja, halafu tunalalamika kwamba watoto hawana msamiati.

Huniambia watu, "Mwalimu, lugha inakua, watu wanaelewa." Wanaelewa, ndiyo. Lakini tegua halijafa hata liwe la kuombolezwa. Mchezaji akianguka vibaya uwanjani, watoto hao hao wanasema mguu umeteguka. Likikutwa bomu la zamani, watangazaji wote wanasema wataalamu wamelitegua, na sijamsikia hata mmoja akisema wamelitatua bomu. Wanajua kwamba kitu kilichotegwa, kikiguswa vibaya, kinalipuka. Neno lipo hai kwenye kifundo cha mguu na lipo hai kwenye bomu. Kwa nini lifukuzwe kwenye kitendawili, ambako ndiko kwao?

Nitakuachia nafasi moja, kwa kuwa si kila chemshabongo ni kitendawili. Ile ya mtu mwenye chui, mbuzi na mzigo wa majani, anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi unaobeba kimoja tu kwa wakati, mimi sikasiriki ukiandika itatuliwe. Ile kweli imetatana. Chui akiachwa na mbuzi anamla, mbuzi akiachwa na majani anayamaliza. Inabidi umvushe mbuzi kwanza, urudi mtupu, umchukue chui, umrudishe mbuzi, uvushe majani, urudi mtupu tena, ndipo umalizie na mbuzi: kuvuka mara 7. Uzi ule unafuatwa ncha kwa ncha. Ukiiweka kwenye kijitabu chako, iandikie "tatua" kwa amani. Na mtu akisema "jibu kitendawili" nitamwacha apite, maana kitendawili kina jibu, ingawa naona ni neno la mtihani kuliko la kibarazani.

Mwezi uliopita nilipanda kosta kutoka Arusha kuja huko kwenu, kilomita 80 hivi. Mbele yangu walikaa msichana wa miaka kumi hivi na mdogo wake wa kiume. Msichana alikuwa na kitabu cha mazoezi, na juu ya ukurasa, kwa herufi nzito, niliyaona yaleyale: "Tatua vitendawili vifuatavyo." Alisoma kidogo, akakifunga, akakikalia. Tulikuwa tumeshaipita Usa River.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kamba yangu ndefu, lakini haifungi kuni."

Yule mdogo akatazama dari. Akasema nyoka. Akasema mto. Akasema waya wa umeme, kwa kuwa nguzo zilikuwa zinapita dirishani.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Arusha."

"Arusha tumetoka asubuhi hii. Nipe mwingine."

"Haya, chukua Moshi."

Msichana akajiweka sawa kwenye kiti. "Nilikwenda Moshi, watu wa Moshi wakanipokea vizuri, wakanipikia mtori, nikala nikashiba, nikalala. Asubuhi wakaniambia jibu lake ni barabara." Kondakta alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akapiga kofi kwenye bodi ya gari. Mdogo mtu akageuka kuichungulia barabara kupitia kioo cha mbele, kama anaiona kwa mara ya kwanza.

Mwalimu, yote niliyoyapenda katika mchezo ule hayakuwemo kwenye kitabu alichokikalia. Kitabu hakikuwa na "tega", wala "nipe mji", wala safari ya kwenda Moshi kula mtori. Kilikuwa na orodha, na majibu yamechapwa chini ya ukurasa, yamepinduliwa, kwa herufi ndogo. Anayeshindwa kitendawili kwenye mchezo hasomi jibu, analilipia kwa mji, na mtegaji anautembelea mji huo kabla ya kulitoa. Kushindwa kunakuwa na heshima yake. Ukiuondoa mji, umebaki na mtihani.

Kwa hiyo, kijitabu chako. Hadithi ziite za upelelezi. Kwenye ile ya kengele umeniandikia sentensi ya mwisho: "Neema alifanikiwa kutatua siri ya kengele iliyopotea." Ndani ya sentensi hiyo yamo makosa yote mawili. Siri si yake, na haikutatana. Andika: "Neema alilifumbua fumbo la kengele." Fumbo hufumbwa kama jicho na kufumbuliwa kama jicho, na methali inasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Usiandike "alilivumbua", nimeliona hilo nalo. Kuvumbua ni kukiona kitu kilichokuwa hakijajulikana na yeyote, na kengele ile ilijulikana. Pia, kama shule yako inagonga rimu ya gari iliyotundikwa mtini, kama shule nyingi za kwetu, iandike rimu. Rimu ni nzito. Anayeiiba usiku peke yake ataacha nyayo zilizozama kwenye tope, na msomaji wako wa miaka tisa atalijua hilo kabla Neema hajalisema.

Ukurasa wa vitendawili uanze na "Kitendawili!" upande mmoja na "Tega!" upande wa pili. Chini yake: "Tegua vitendawili hivi." Majibu yaweke mwishoni kabisa mwa kijitabu. Na mbele ya kila jibu acha mstari mtupu, "Nakupa mji wa ........", ili aliyeshindwa aujaze kwanza kwa kalamu yake.