Tangazo la kozi ya mtandaoni: ninavyoliandika ili wanafunzi walisome na kulijibu

Mkuu mleta uzi, umesema kozi yako iko Moodle (mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni), kila wiki unaweka tangazo, halafu wanafunzi wanakuja kuuliza mambo ambayo majibu yake yamo kwenye tangazo lilelile. Mimi nafundisha uhasibu wa awali kwa wanafunzi wa masafa, karibu wote wanashinda kazini na kusoma usiku. Nakupa ninavyofanya.

Anza na kichwa, na ukisome ukiwa umeshika simu, maana huko ndiko watakakokiona. "TANGAZO MUHIMU KWA WANAFUNZI WOTE" hakimwambii mtu kitu, tena wiki ijayo utaandika hichohicho. Mtu aliyebanana kwenye daladala anakifuta na kuendelea na yake. Andika jambo lenyewe: "Jaribio la 2 limesogea hadi Ijumaa." Na maelezo yawe palepale chini, maandishi ya kawaida. Wapo wanaoskani barua yenye mhuri na sahihi, wanaiweka kama PDF, kumbe habari yote ni kwamba kipindi kimesogezwa saa moja. Barua ya hivyo inamlinda aliyeiandika. Mwanafunzi inamla bando tu.

Hayo yatafanya lisomwe. Kumfanya ashiriki ni kazi nyingine, na kwa ninavyoona inategemea kama anajikuta mle ndani. Watafiti wa elimu ya mtandaoni Garrison, Anderson na Archer mwaka 2000 walieleza kwamba darasa la mtandaoni linahitaji uwepo wa aina tatu, mmojawapo ukiwa uwepo wa mwalimu. Sasa mwalimu anayejitokeza siku ya kutangaza tarehe tu, huyo hayupo. Kwa hiyo tangazo langu la Jumatatu linaanza na kazi yao ya wiki iliyopita, siyo na ratiba. Mfano wa tangazo lenyewe:

"Mwenye duka Kariakoo alilipa kodi ya fremu ya miezi sita kuanzia Oktoba, sh 1,200,000. Anafunga hesabu Desemba 31. Wengi wenu mmeiandika yote kuwa gharama ya mwaka huu. Mwenzenu mmoja ameuliza: akihama Januari, si atadai chenji yake? Swali zuri sana. Kabla ya Jumatano jioni, kila mtu aandike mstari mmoja kwenye mjadala wa wiki hii: gharama ya mwaka huu ni kiasi gani, na hela inayobaki tunaiweka wapi?"

Ona linachofanya. Aliyekosea anajua hakukosea peke yake. Aliyeuliza anajua swali lake limesomwa (jina lake silitaji mpaka aniruhusu, wengine hawapendi). Na kuna kitu kidogo cha kujibu ambacho mtu anakimaliza akisubiri chakula. Wanajibu, wanabishana: sh 600,000 ni gharama, 600,000 nyingine ni mali mpaka miezi yake ifike. Tangazo la wiki inayofuata linaanzia kwenye ubishi huo. Baada ya muda wanafungua ili waone kama wametajwa, na tarehe za majaribio, ambazo nimeziweka chini, wanazikuta hukohuko.

Angalizo la kiufundi: kwenye Moodle jukwaa la matangazo kwa kawaida halimruhusu mwanafunzi kujibu. Weka kiungo cha mjadala ndani ya tangazo, la sivyo umeuliza swali mlango ukiwa umefungwa. Vilevile, kama msimamizi wenu hajabadilisha mpangilio, una dakika 30 za kurekebisha kabla barua pepe haijaenda. Zitumie kulisoma tena.

Lugha: kozi yangu inafundishwa kwa Kiingereza, ila tangazo naliandika kwa Kiswahili, na istilahi za Kiingereza zilizo kwenye notisi za somo naziacha zilivyo. Najua kuna wakuu wa idara wasiopenda. Waje wahesabu majibu.

Muda ndio unaoleta kesi nyingi. Ukiandika "mwisho Jumapili saa 6 usiku", nusu wataelewa usiku wa kuamkia Jumapili, nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, na wote wana haki. Andika "Jumapili, saa 5:59 usiku (23:59), saa za Dar." Nina wanafunzi Muscat, wako mbele yetu kwa saa moja, na Lubumbashi, wako nyuma kwa saa moja. Tarehe iliyowekwa kwenye kazi yenyewe Moodle inaigeuza kufuata saa za wasifu wa kila mtu. Uliyoandika kwa mkono kwenye tangazo haigeuki.

Kuhusu wasiofanya kazi: usiwaseme kwenye tangazo. "Baadhi yenu bado hamjawasilisha" inawachoma waliowasilisha, wahusika wenyewe wala hawaifungui. Nenda kwenye orodha ya washiriki, chuja wasioingia kwa zaidi ya wiki moja, uwaandikie ujumbe wao: "Sijakuona wiki hii, kuna shida?" Wengi wanajibu, na mara nyingi shida ni simu, zamu za kazini au msiba. Somo lenyewe halina kosa.

WhatsApp huwezi kuikwepa, usijaribu. CR wangu (mwakilishi wa darasa) anabandika mistari miwili ya kwanza na kiungo kwenye kundi. Akibandika tangazo zima, mjadala unahamia kule, na kesho umezikwa na picha za harusi.

Idadi: moja kwa wiki, siku ileile. La pili liwepo tu kama kuna kilichobadilika.

Ukiweza, bandika hapa tangazo lako la mwisho, toa majina ya watu. Tulipitie pamoja, kuanzia kichwa.