Kuongoza safari za wanaanga ukiwa ardhini

Mdogo wangu, nimekuelewa: unasoma uhandisi wa umeme hapo Mombasa, na hutaki kuruka angani bali kuongoza safari ya wanaanga. Ndoto hiyo ina njia, ila ni ndefu.

Kazi hiyo hapewi mhitimu mpya. Gene Kranz alirusha ndege za kivita kabla ya kuingia NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1960. Miaka 10 baadaye, tangi la oksijeni la Apollo 13, chombo kilichokuwa kikielekea mwezini na wanaanga, lilipolipuka, zamu ya uongozi katika kituo cha kuongozea safari pale Houston ilikuwa yake. Holly Ridings naye alianza kwa kusimamia mfumo mmoja tu wa chombo, na mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza wakuu wote wa zamu. Kwa hiyo bobea kwanza: umeme wa chombo, mawasiliano, au hewa ya kupumua. Jizoeze pia kusema "bado sijajua" mapema, mbele ya wakubwa.

Tatizo kubwa ni uraia. NASA huajiri raia wa Marekani. Muone mwanasheria wa uhamiaji, usimlipe wakala anayekuahidi nafasi. Kwa sasa, omba mafunzo kwa vitendo kituo cha anga cha Malindi.