Mkuu unayeenda Mendoza, usimlipe huyo dereva

Mkuu ngoja kwanza, usitume hela. Umesema mwezi wa tatu unaenda Mendoza, Argentina, kutafuta Chardonnay (mvinyo mweupe) ya mlimani, na dereva wa hotelini kakwambia "Mendoza yote iko mlimani, popote nitakapokupeleka ni sawa". Nilivyosoma hapo tumbo limenikata, maana hayo hayo niliambiwa na mimi na yakanitoa katoni mbili.

Iko hivi, nilikuwa Buenos Aires kikazi nikachomoka siku tatu, nikampata jamaa ana gari na kofia ya kiwanda cha mvinyo, akanizungusha kutwa, kila tukishuka anasema "altura, altura", yaani mwinuko, na ukiangalia magharibi unaiona Andes hiyo hapo na theluji yake, sasa mtu wa Dodoma ntabisha nini? Chupa imeandikwa ALTURA kwa rangi ya dhahabu, nikabeba 12. Usiku natafuta asilimia ya kilevi nyuma ya chupa, nakutana na maandishi ya sisimizi: San Martín. Nafungua ramani. San Martín iko mashariki ya mji, tambarare tupu, mita 650 hivi kutoka usawa wa bahari! Dodoma tupo 1,100 na ushee. Yaani nimevuka bahari kununua mvinyo wa mlimani uliolimwa chini kuliko kwetu Makutupora, na bado nikamwachia yule mtu bakshishi. Kofia ile alaaniwe nayo. Na ulivyokuwa mtamu mtamu, nanasi lililoiva kupita kiasi na vanila, kama nakunywa keki.

Unachokitaka wewe kiko Bonde la Uco, kusini magharibi ya mji, kama saa moja na nusu kwa gari, na ukitaka penyewe hasa waambie Gualtallary, upande wa Tupungato. Mji uko mita 750 hivi, kule mizabibu inaanzia 1,200 inapanda mpaka kupita 1,500. Shamba la Adrianna la kiwanda cha mvinyo cha Catena walilipanda 1992 kwenye mita kama 1,450, wakaambiwa baridi haitaruhusu zabibu kuiva, leo Chardonnay yao ya White Bones inatoka hapo hapo. Mchana jua linachoma hasa (mimi niliungua masikio, usicheke), usiku baridi inashuka na ndiyo inayoitunza ile asidi ya zabibu isiishe.

Kesho yake nikaenda mwenyewe, mzee mmoja wa shamba akanishusha kwenye shimo alilochimba katikati ya mizabibu, akanipa jiwe la mto, upande mmoja jeupe kama limepakwa chokaa ya ukutani, ukilisugua vidole vinabaki na unga. Akanimiminia kidogo, mate yakajaa mdomoni kama nimelamba ndimu. Nikakumbuka katoni zangu hotelini, nikanyamaza.

Kwa hiyo GEUZA CHUPA. Mbele wanaandika wanachotaka, wewe tafuta jina la sehemu: Gualtallary, Tupungato, San Pablo. Ukikuta "Mendoza" peke yake haujaambiwa kitu, ule ni mkoa mzima, ni sawa na mtu akwambie kahawa hii ya Tanzania basi imetoka Kilimanjaro. Dereva akishindwa kukutajia sehemu na mita zake, shuka. Na viwanda vya huko weka oda mapema, ukitokea tu getini unarudishwa, hasa mwezi wa tatu maana kuna sikukuu ya mavuno na mji unafurika.

Uliuliza na hoteli eeh? Yangu ilikuwa na mbwa, jina nimesahau. Viza sijui, ya kwangu alishughulikia mtu wa ofisini. Basi au ndege, mi nilipanda basi usiku kucha miguu ikavimba, panda ndege.

Zile chupa zimebaki mbili, mama watoto anapikia kuku.