Daudi, Uria na kitenzi kimoja: majibu kwa wasomaji wetu

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Morogoro, na pia ni mzee wa kanisa. Mwezi uliopita niliwaongoza vijana wa usharika wetu kusoma kisa cha Daudi na mke wa Uria, nikawaomba watazame fani kwanza, kisha maudhui, kama tunavyofanya darasani tunaposoma riwaya. Kijana mmoja alisimama akaniuliza kama nina maana kwamba kisa hicho kimetungwa. Nilibabaika, na tangu siku hiyo sina amani. Je, kuyasoma Maandiko kama fasihi ni kuyashusha? Na kama siyo, mtu asomeje bila kuyavuruga?
(Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kijana wako aliuliza swali la haki, na ninafurahi kwamba hukumnyamazisha. Kuuliza jinsi habari ilivyosimuliwa si sawa na kuuliza kama ilitukia. Shahidi anayesema kweli tupu mahakamani bado huchagua aanzie wapi, ataje nini na anyamazie nini. Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya Biblia yenyewe. Fungua Mambo ya Nyakati ya Kwanza sura ya 20, uone inavyoanza karibu sawa na sura ya 11 ya Samweli wa Pili: ni majira ya wafalme kwenda vitani, jemadari Yoabu anauzingira mji wa Raba, Daudi amebaki Yerusalemu. Kisha mwandishi wa Nyakati anakwenda moja kwa moja kwenye kutekwa kwa mji na taji ya mfalme wake. Bathsheba, mwanamke ambaye Daudi alilala naye, hayumo. Uria mumewe, askari aliyeuawa kwa hila ya Daudi, hayumo. Nabii Nathani, aliyemkemea Daudi kwa fumbo la kondoo, hayumo. Ni mfalme yule yule na vita vile vile, lakini waandishi ni wawili na kila mmoja amechagua lake. Anayetaka kumwelewa mmojawapo hana budi kuuliza kwa nini alichagua hivyo, na hiyo ndiyo kazi ya fani.

Sasa turudi kwenye sura yenyewe, maana hapo ndipo vijana wako watakapoona faida. Wape penseli, uwaombe wapige mstari chini ya kila neno la kutuma. Katika Kiebrania kitenzi hicho kimoja kimetumika mara 12 katika aya 27 za sura ya 11. Tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumekua nayo, imekigawa kati ya “kutuma” na “kupeleka”, kwa hiyo takriri yenyewe, yaani kule kurudiwa kwa neno, inatupita masikioni tusipoitafuta. Daudi anamtuma Yoabu vitani. Anatuma mtu kuuliza habari za mwanamke aliyemwona akioga, anatuma wajumbe wamlete, anatuma Uria aitwe, na mwishoni anatuma tena mjane aingizwe nyumbani mwake. Mfalme huyu hatoki: amekaa, na watu wanakwenda na kurudi kwa neno lake, na hata mauaji anayafanya kwa kutuma barua. Barua hiyo anaibeba Uria mwenyewe, kwa mkono wake, mpaka kwa jemadari atakayemweka penye vita vikali. Kisha unafungua sura ya 12, na kitenzi kile kile kinaanza sentensi ya kwanza, lakini mtumaji sasa ni mwingine: “BWANA akamtuma Nathani.” Mimi niliposhikwa na jambo hili kwa mara ya kwanza niliifunga Biblia nikakaa kimya kwa muda. Msimulizi hakuhitaji kutuhubiria kwamba juu ya mfalme yupo mwenye mamlaka zaidi. Alibadilisha mtendaji wa kitenzi tu.

Mtazame pia Bathsheba. Jina lake linatajwa katika aya ya 3 ya sura ya 11, Daudi anapoulizia habari zake, halafu linapotea. Kutoka hapo yeye ni “mwanamke” au “mke wa Uria”, hata baada ya Uria kufa na yeye kuingizwa jumbani, na hata mtoto anapougua. Linarudi katika aya ya 24 ya sura ya 12, pale Daudi anapomfariji. Katika habari nzima ya sura ya 11 maneno yake yaliyonukuliwa ni mawili tu katika Kiebrania, yenye maana kwamba ana mimba. Hatuambiwi aliogopa, alipenda au alilazimishwa. Mwalimu wa fasihi anajua kwamba kunyima jina na kunyima kauli ni sehemu ya usawiri wa mhusika. Karne nyingi baadaye Injili ya Mathayo, katika orodha ya vizazi ya sura ya kwanza, inamtaja mama yake Sulemani bila kumwita Bathsheba: yeye ni mwanamke wa Uria. Mathayo alikuwa msomaji makini wa Samweli.

Kisha linganisha kauli ya Uria na fumbo la Nathani, maana hapa ustadi wa msimulizi unafika kileleni. Daudi anamshawishi Uria alale kwake ili mimba ipate baba. Uria anakataa kwa kuwa sanduku la agano na wenzake wako vibandani vitani. Atawezaje yeye kwenda nyumbani kula, kunywa na kulala na mkewe? Vitenzi ni vitatu, kwa mpangilio huo. Nathani anapomweleza mfalme habari za maskini na kondoo wake mmoja, anasema kondoo yule alikula tonge lake, akanywea kikombe chake, akalala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Vitenzi ni vile vile vitatu, kwa mpangilio ule ule. Na neno “binti” kwa Kiebrania ni “bat”, mwanzo wa jina Bathsheba. Tajiri wa fumbo “akamtwaa” kondoo, kama Daudi alivyomtwaa mwanamke. Daudi anayasikia maneno ya Uria pasipo kuyatambua, anawaka hasira, anamhukumu tajiri afe, na ndipo anapoambiwa: “Wewe ndiwe mtu huyo.” Hiki ndicho kinaya tunachowafundisha wanafunzi, ila hapa mhusika anajihukumu kwa kinywa chake.

Umeuliza pia jinsi ya kusoma bila kuvuruga. Jambo la kwanza ni kutofautisha kilichoandikwa na kilichoachwa. Je, Uria alijua? Alilala mlangoni pa jumba pamoja na watumishi, na huenda baadhi ya watumishi hao ndio waliotumwa kumleta mkewe. Andiko halisemi. Mwaka 1968 wataalamu wa fasihi Menakhem Perry na Meir Sternberg walichapisha makala kwa Kiebrania wakionyesha kwamba kisa kinasomeka kwa njia zote mbili. Akiwa anajua, kukataa kwake ni upinzani mbele ya mfalme. Akiwa hajui, ni uaminifu wa askari anayeelekea kifo chake. Msomaji mzuri huzishika zote mbili mkononi, halazimishi moja.

Marabi wa kale, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, nao waliliona pengo, wakalijaza kwa namna yao. Katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho yao, sehemu ya Shabati, imo kauli kwamba asemaye Daudi alitenda dhambi anakosea, kwa hoja kwamba askari wa nyumba ya Daudi waliwaandikia wake zao talaka kabla ya kwenda vitani. Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu imetoka kwa watu waliosoma kila neno kwa bidii, lakini siwezi kuifuata, kwa kuwa Daudi mwenyewe katika aya ya 13 ya sura ya 12 anakiri, “Nimemfanyia BWANA dhambi.” Umeona, Mwalimu: hoja hapa tunaipima kwa maneno ya andiko. Mwambie kijana wako kwamba aliyeketi na penseli akihesabu vitenzi hajaishusha sura hiyo. Ameipa muda ambao wengi hatuipi.

SWALI: Kwa nini Zaburi zinasema jambo moja mara mbili? Sisi tuliozoea vina na mizani tunaona kama mshairi aliishiwa na maneno.
(Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hakuishiwa, ndugu yangu. Robert Lowth, katika mihadhara yake ya Oxford iliyochapishwa kwa Kilatini mwaka 1753, alieleza kwamba mshororo wa Kiebrania hujengwa kwa vipande vinavyojibizana. Chukua Zaburi ya 19: “Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake.” Kipande cha pili kimesogea mbele: “utukufu”, ambao hauonekani, umekuwa kazi ya mikono. Ukisoma ukiutafuta msogeo huo, hutaona marudio tena. Na ushairi wa namna hii una bahati moja ambayo utenzi hauna, kwamba ukitafsiriwa hubaki na umbo lake, ilhali vina vyetu hufa vikivuka lugha.

Kinachopotea ni mpangilio wa alfabeti. Kiebrania kina herufi 22, na katika Maombolezo sura ya 1, ya 2 na ya 4 kila aya huanza kwa herufi yake. Sura ya 3 ina aya 66, tatu kwa kila herufi. Mji umebomolewa, na mwombolezaji anashika alfabeti kama mtu anayeshika ukuta gizani. Sura ya 5 nayo ina aya 22 kamili, lakini herufi hazifuatani tena.