Jibu: Presi ya tatu inazimisha mtambo mzima (mchezo wa Minecraft, modi ya Create, yaani nyongeza inayoleta mashine)

Salama mkuu. Nimekusoma: presi mbili zinagonga mabamba ya chuma vizuri, ukiunga ya tatu kila kitu kinasimama, hata ukanda. Kwenye karakana tunayochezea na wadogo zangu hapa Sakina, Arusha, imetukuta hiyo hiyo.

Kabla ya kubomoa chochote, vaa miwani ya fundi (inayokuonyesha namba za mashine), funga stresometa, yaani kipima mzigo, kwenye shafti (mhimili unaozungusha mashine), uiangalie. Ikisema mzigo umezidi, ukanda wako hauna kosa.

Kwa picha uliyoweka, una gurudumu moja dogo la maji. Linazunguka mara 8 kwa dakika na kubeba SU 256 (SU ni kipimo cha mzigo wa mashine). Halafu umeweka gia kubwa kuisukuma ndogo, mwendo ukawa 16. Hapo ndipo penye tatizo. Gia inaongeza mwendo tu, nguvu inabaki ile ile, na kwa kuwa presi hula zaidi mwendo ukizidi, kila moja sasa inakula SU 128. Mbili zimemaliza zote. Ya tatu itakaa wapi?

Ongeza gurudumu jingine kwenye shafti ile ile, maji yalisukume upande uleule. Likizunguka kinyume, kifaa kimojawapo kitavunjika. Ukitaka haraka, ondoa zile gia: kwa mwendo wa 8 presi nne zinatosha, ila polepole. Mimi ningeongeza gurudumu, mbao zipo tele.

Kama seva yenu ya Moshi imebadilisha viwango, fuata namba za miwani, si zangu. Weka picha ya stresometa hapa tuione.